Kipimo Hakiulizwi

Mtu aliyefunga mashine za boti nyingi zilizokwenda Ziwa Eyasi, miaka ile maji yalipojaa, hakuwahi kupanda boti hata siku moja. Alikuwa anaogopa maji. Simtolei siri, mwenyewe alisema mbele ya wateja bila kuona haya: yeye anaoga kwa kikombe na inatosha. Boti zilipita Karatu juu ya malori, zikashushwa kwenye magogo nyuma ya karakana yake, na ziwa liko huko chini kabisa, hata halionekani. Naye akazifunga mashine palepale kwenye nyasi huku mbuzi wakimchungulia. Zikifika Mang'ola na kuingizwa majini, zinakwenda. Wavuvi waliotoka Mwanza, watu waliozaliwa na kukulia ndani ya maji, walikuwa wanatikisa vichwa tu. Mimi nilishangaa kuliko wote, maana mkahawa wangu na karakana yake vilitenganishwa na ukuta mmoja, na nilimwona kila siku ya Mungu.

Tulimwita Fundi, basi. Jina lake la kubatizwa nalijua, la nyumbani kwao kwa Kiiraqw nalijua pia, lakini hakuna aliyeyatumia, na mimi sitaanza leo. Maisha yangu yana mishtuko miwili ambayo nikiikumbuka mpaka sasa nakaa kitako, na yote miwili inamhusu yeye. Wa kwanza ni siku nilipomwita muuaji mbele ya watu na yeye akanijibu ndiyo. Wa pili nitaufikia. Kwanza mumjue alikuwa mtu wa namna gani, msije mkadhani nilikuwa nagombana na mtu mbaya.

Alikuwa mwembamba, mrefu, na kofia ya kitambaa iliyokula grisi mpaka ikawa haipitishi mvua. Kwenye mfuko wa kulia alibeba kamba nyembamba yenye mafundo. Futi ya mbao alikuwa nayo, nzuri tu, imeandikwa inchi pande zote, lakini aliiamini nusu. Kamba ndiyo aliyoiamini. Kila fundo alilifunga mwenyewe na kila fundo lilikuwa na kazi yake, hili la pengo la breki, lile la mkanda wa mashine ya kusaga, na ukimwuliza lipi ni la nini anairudisha mfukoni.

Alipima kila kitu. Siku moja nilimwekea chapati mbele yake, akatoa kamba, akaipima toka ukingo mpaka ukingo, akaniambia ya jana ilikuwa pana zaidi kwa kidole. Wateja wakacheka. Nikamwambia basi ale ya jana. Akaila ya leo, yote, polepole, akasema ni nzuri ila siyo pana. Ndivyo tulivyoishi naye, anakuchokoza uso umekauka, hujui kama anatania au analalamika. Ukuta wa mkahawa wangu ulikuwa umelala kidogo upande wa barabara, na kwa miaka miwili alikuja na timazi yake, anaining'iniza, anatazama, anaguna, anaondoka. Mwaka wa tatu alikuja siku nimesafiri kwetu Kondoa, akaubomoa upande huo na kuujenga upya. Niliporudi nikamwuliza nani kamtuma. Akasema timazi.

Chai alikunywa saa nne asubuhi, kikombe kimoja, maziwa mengi, na hakuwahi kubakiza. Hili la kutobakiza mlishike. Alikuwa anasema mtu anayeacha chai ndani ya kikombe hata bolti ataiacha haijakazwa. Watu wakiwa na haraka wakaacha nusu, yeye aliwatazama kwa masikitiko ya kweli, kama wamefiwa.

Hasira yangu kwake, hata kabla ya msiba, ilikuwa moja tu. Fundi hakueleza kitu. Alikuwa na msemo wake: kipimo hakiulizwi, kinafuatwa. Dereva akimwuliza kwa nini anakaza hivi na siyo vile, anapewa msemo. Mwenye mashine ya kusaga akitaka kujua kwa nini mkanda ulegezwe kidogo, anapewa msemo. Hakukaa na mwanagenzi hata mmoja. Walikuja watu wazima kutaka kujifunza, wakakaa mwezi, wakaondoka wakisema yule mzee anakuonyesha mkono, akili anabaki nayo.

Dereva mmoja wa lori alinipa habari ya Ngorongoro. Ilikuwa mwaka hamsini na tisa au mara baada yake, Wamasai wamehamishwa kutoka Serengeti kuja upande huu, na huko juu palikuwa na pampu ya kuvuta maji ya ng'ombe ambayo imekataa. Fundi akapelekwa. Akaifungua, akapima kwa kamba, akapandisha bomba la kuvutia kwa kiasi cha kiganja, maji yakatoka. Laigwanani, kiongozi wa wale wafugaji, akafurahi, akamwuliza tatizo lilikuwa nini, ili likirudi wajue. Fundi akampa msemo wake. Yule mzee akasema, "Mimi ng'ombe wangu akikataa maji, simpigi fimbo. Naonja maji kwanza, nijue sababu." Dereva alisema njia nzima ya kurudi Fundi hakufungua mdomo. Nilicheka sana siku ile. Nikamwambia kumbe amekutana na fundi mwenzake.

Msimwone mkavu. Jumapili aliimba besi kanisani, sauti ikasikika mpaka kwangu, na mimi Mwislamu nilikuwa nazima redio nimsikilize. Mbuzi wa mtu akiingia karakana na kutafuna matambara yake hakumfukuza, alimwondolea yenye mafuta na kumwachia makavu. Na mume wangu alipofariki, Mungu amrehemu, Fundi ndiye aliyekuja kila alfajiri siku saba kuwasha jiko langu, nikiamka nakuta moto. Hakusema pole. Alikuja kuwasha moto.

Sasa nije kwenye boti.

Mwaka wa uhuru mvua zilinyesha kana kwamba hazitakoma. Mto ulikata barabara, Karatu tulikaa bila sukari, na huko chini Eyasi, ambako miaka mingine unavuka kwa miguu juu ya magadi, maji yalipanda yakafunika nyasi, yakafunika vichaka, yakafunika migunga mizima mpaka ikabaki vichwa tu, na mingine haikubakiza hata kichwa. Samaki wakaja, hatujui wametoka wapi. Kambare wa kushindana na mtoto kwa urefu. Watu wakamiminika Mang'ola kutoka kila upande, na mdogo wangu Shabani akawa mmoja wao.

Shabani alinifuata kwa kuzaliwa, tofauti ya miaka miwili, na tulibaki wawili. Alikuwa mcheshi, hana subira, mikono yake haitulii. Kila safari aliporudi ziwani alileta kitu: samaki wa kukausha, asali ya Wahadzabe, hata siku moja kobe, nikamrudisha naye. Boti alinunua Mwanza, ya mbao, fupi nyuma. Mashine alinunua Arusha, na aliyemwuzia hakumwuliza boti yake ikoje. Ilipowekwa kwenye ubao wa nyuma, mguu wa mashine ukashuka chini mno. Hata mimi niliyetoka kusukuma chapati nikaona pangaboi, lile panga la chini linalosukuma maji, linakaribia kugusa magogo.

Fundi aliizunguka ile boti nusu siku. Akalaza ufito mnyoofu chini ya tumbo la boti mpaka nyuma kwenye mashine, akachuchumaa, akafunga jicho moja, akapima kwa kamba mara tano. Halafu akaingia ndani, nikasikia randa siku nzima. Kesho yake alikwishapandisha ile mashine, kachonga kiongezo cha ubao na kukikaza kwa bolti kwenye ubao wa nyuma wa boti, na mashine imekaa juu yake. Inchi tano. Shabani akauliza kwa nini tano na siyo mbili au tatu. Akapewa msemo.

Wiki mbili baadaye Shabani alirudi na malalamiko. Boti ikiwa na mzigo inakwenda vizuri, lakini ikiwa tupu na akikata kona, mashine inalia, inazunguka bure, inavuta hewa. Wavuvi wenzake wanamwambia pangaboi linataka kuzama zaidi ili lishike maji. Alimweleza Fundi haya yote kwa adabu, kofia mkononi. Nilikuwepo, nilisimama mlangoni na mwiko. Akamwuliza, "Mzee wangu, niambie tu, kwa nini umeipandisha?"

Fundi alikuwa amelala chini ya Landrova. Akasema kipimo hakiulizwi, kata kona polepole. Basi. Shabani akanitazama, akanikonyeza, akaondoka.

Safari iliyofuata aliniletea kambare wawili na kibao kipya cha kusukumia chapati. Cha zamani kilikuwa kimepasuka. Hiki kilikuwa cha mninga, kizito, kimepigwa randa mpaka kinang'aa, pembeni kimechongwa neno JUU, na kilikuwa na matundu manne. Akasema amenichongeshea kwa seremala wa Mbulu, matundu ni ya kukitundika ukutani, na seremala ameandika JUU ili nisije nikasukumia upande usiofaa, maana anawajua wanawake wa Kondoa. Nikamtupia unga. Nikayaziba matundu kwa nta, kwa sababu unga ulikuwa unaingia. Siku tatu alikaa kwangu, anakula, anacheka na wateja. Siku ya nne asubuhi akateremka ziwani.

Siku hizo nne Fundi hakuwepo, alikuwa Ngorongoro na trekta la barabara. Alirudi asubuhi ileile Shabani aliyoondoka, akaja saa nne kama kawaida, nikamwekea chai. Nilikuwa nasukuma mbele yake, meza ileile, kwa sababu jikoni kulikuwa na moshi. Alikunywa funda mbili. Halafu nikaona mkono wake umesimama hewani na kikombe.

"Shabani yuko wapi?" akauliza.

Nikamwambia ameteremka Mang'ola asubuhi. Akaweka kikombe mezani, nusu kimejaa, akatoka. Sikumwelewa. Nilitoka mlangoni nikamwona anakimbia barabarani, mzee yule na kofia yake, anapunga mkono kusimamisha lori la vitunguu. Nikarudi ndani nikakitazama kile kikombe, nikashindwa kukimwaga.

Habari ilifika kesho yake mchana. Boti ya Shabani ilikuwa imekwenda kasi kuelekea kambi ya ng'ambo, mashine imegonga kisiki cha mgunga kilichofunikwa na maji, boti ikageuka upande, maji yakaingia nyuma. Alikuwa peke yake. Walimtoa jioni na wakamzika palepale Mang'ola, kama dini inavyotaka, asingeweza kungoja. Mimi sikumwona.

Akili ya mfiwa inatafuta mtu. Yangu haikwenda mbali. Nani alifunga mashine ile? Nani alikataa kusema kwa nini? Na nani, asiyebakiza chai maisha yake yote, aliacha nusu kikombe akakimbia kabla habari haijafika? Nikajijibu kwamba alikumbuka kosa lake, akakimbia kulificha. Siku Fundi aliporudi ilikuwa siku ya mnada, watu wamejaa. Nilitoka na unga mikononi, nikamsimamisha mbele ya karakana yake.

Nikamwambia, "Umemuua ndugu yangu. Uliacha chai kwa sababu ulijua kazi yako ni mbovu. Kweli au uongo?"

Akavua kofia. Sikuwahi kukiona kichwa chake kabla ya siku hiyo, kilikuwa na mvi nyeupe kabisa. Akasema, "Ndiyo, mama."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, kwa kulia, kwa kuapa. Sikujiandaa kwa ndiyo. Wanawake wakaniingiza ndani.

Kilichofuata kiliwashtua hata ndugu zake. Kwa Wairaqw kuna desturi, wanaiita metimani: mtu aliyepatwa na misiba fulani hujitenga, hashiriki moto na jirani, wala chakula, wala maji ya kisima kimoja, mpaka muda upite, ili uchafu wa kifo usiwafikie wengine. Lakini ni kwa msiba wa nyumbani kwako. Shabani hakuwa ndugu yake, hata kabila wala dini moja hawakuwa. Fundi akaishika hata hivyo. Alipika mwenyewe, alikuwa na kikombe chake cha bati, maji aliyafuata chemchemi ya mbali, hakumpa mtu mkono. Ukimpelekea spana iliyovunjika unaiweka chini, unarudi nyuma, ndipo anakuja kuichukua. Wazee wao walimwendea wakamwambia hili halikuhusu. Aliwasikiliza akiwa upande wa pili wa uzio. Kanisani akasimama nje, dirishani, na hakuimba. Boti hakufunga tena.

Mwaka ukapita akaendelea. Mwaka wa pili akafunga karakana, akahamia Rhotia shambani kwake. Mimi nilisema, mnaona? Mwenye hatia anajijua. Nilisema hivyo kwa wateja, kwa majirani, kwa mtu yeyote aliyeuliza kwa nini ukuta wangu umenyooka na karakana ya jirani ina kufuli. Nilisema hivyo nikiwa nasukuma chapati.

Miaka ikaenda. Ziwa nalo likachoka, maji yakaanza kurudi yalikotoka, samaki wakapungua, wavuvi wakafunga virago. Nikateremka Mang'ola kununua vitunguu, na kwa mara ya kwanza nikataka kuliona kaburi la ndugu yangu. Mzee wa Kisukuma aliyebaki pale, mvuvi wa zamani, akanipeleka. Tulipomaliza kusoma dua akasema hata boti yake sasa inaonekana, imekaa kwenye tope, nikitaka anionyeshe.

Njiani akawa anaongea, kama wazee waongeavyo, hana habari kwamba ananichoma. Akasema siku ile kuna mzee mmoja Mwiraqw alifika na lori la vitunguu wakati boti imekwisha kuzama. Aliwakuta wanatafuta. Akaingia majini na nguo zake, hajui kuogelea, maji yakamfika shingoni, anatetemeka kama mwenye homa, na bado anapapasa kwa miguu. Walimtoa, akarudi. Walimtoa mara tatu. Ndiye aliyemshika Shabani kwanza, kwa unyayo wake.

"Na alikuwa anasema jambo moja tu," yule mzee akaniambia. "Kiko kwa dada yake. Kiko kwa dada yake. Hatukuelewa ni nini."

Nilidhani hasira imerudi, lakini haikuwa hasira.

Boti ilikuwa imelala ubavu. Mbao zimepauka kwa magadi, mashine wameishaiondoa kitambo, ubao wa nyuma umebaki. Ulikuwa na matundu manne. Hakuna kiongezo juu yake, hakuna bolti, ni matundu manne tu, safi, hayakupasuka, kama yanavyokuwa mtu anapofungua kwa spana taratibu. Nilisimama pale kwenye tope nikayatazama mpaka yule mzee akaniuliza kama naumwa. Nikachukua ncha ya kanga yangu, nikaiweka kwenye tundu la kwanza, nikafunga fundo kwenye la pili. Nikafunga jingine kwenye la tatu, na jingine kwenye la nne. Nilikuwa nimemwona Fundi akifanya hivyo mara elfu.

Nilifika Karatu mchana, mkahawa una wateja, sikumsalimia mtu. Kibao kilikuwa mezani na donge la unga juu yake. Nikaondoa donge, nikatandaza kanga, ncha kwenye tundu la kwanza. Fundo la kwanza likakaa kwenye nta. La pili likakaa kwenye nta. Sikuweka la tatu. Neno JUU lilikuwa linanitazama. Miaka yote ile nililigeuza juu kila asubuhi, kwa utii, kwa sababu Shabani alisema ni upande wa kusukumia.

Kesho yake nilipika chapati, nikajaza chai kwenye chupa ya kutunza joto, nikafunga kibao ndani ya kanga ileile yenye mafundo, nikaenda Rhotia.

Nilimkuta anapalilia maharage. Amezeeka, mgongo umekunjika, kofia ni ileile. Nikasema shikamoo. Akaitika marahaba, akasimama palepale, hakunikaribia, akaniashiria nikae kwenye benchi la nje. Sikukaa. Nilikifungua kibao nikakiweka kwenye benchi, kati yetu.

Alikitazama muda mrefu. Mwishowe akaja, taratibu, akapitisha kidole gumba juu ya nta.

"Umeyaziba," akasema.

"Unga ulikuwa unaingia."

"Umefanya vizuri. Mninga ukinywa maji unapasuka."

Nikashindwa kujizuia. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Miaka yote hiyo, kitu kiko mezani kwangu, angenyoosha kidole tu. Namtukana mbele ya soko, anasema ndiyo. Nilikuwa nalia na sikujali nani ananiona.

Fundi akakaa kwenye benchi, kibao pembeni yake. "Ningesema, ungekichoma," akasema. "Na ni kitu cha mwisho alichokuletea kwa mkono wake. Nilikuona unakisukumia, unacheka. Nikaona wewe umebakiwa na hicho."

"Lakini alikifungua mwenyewe, Fundi. Wewe hukumuua."

Akatikisa kichwa. "Alikuja akaniuliza, mama. Ulikuwepo. Mtu mzima, ameuliza vizuri, kwa adabu. Mimi nikalala chini ya gari nikampa msemo." Akapitisha kidole tena juu ya nta. "Yule mzee wa Ngorongoro aliniambia mapema. Shabani angejua sababu, asingekifungua. Kwa hiyo uliponiuliza, nikajibu kweli."

Nikamwomba msamaha. Akasema nimsamehe na yeye, na mambo hayo hayapimwi nani amezidi. Nikammiminia chai kwenye kikombe changu, siyo cha bati chake, nikakiweka mbele yake. Hakukigusa. Nikafikiri bado anajitenga. Ndipo nikamwuliza swali ambalo ndugu yangu aliliuliza, kwa maneno yaleyale.

"Niambie tu. Kwa nini uliipandisha?"

Mzee yule akavuta kibao akakisimamisha juu ya benchi, JUU ikiwa juu. Akatoa kamba mfukoni. Akasema juu ya pangaboi kuna bamba bapa la chuma, kazi yake ni kuzuia hewa isishuke kwenye pangaboi. Bamba hilo linatakiwa lilingane na tumbo la boti, au lishuke kidole kimoja. Likiwa juu mno, mashine inavuta hewa, inalia, haisukumi. Likiwa chini mno, mguu wote unaburuta majini, boti inakaa kwa matako, maji yanapata njia ya kuingia nyuma, na kila kilicho chini unakigonga. Mashine ya Shabani ilikuwa na mguu mrefu na boti yake fupi nyuma, tofauti inchi tano, ndiyo maana ya ubao. Akasema na ziwa lile halikuwa ziwa, lilikuwa pori lililozama, lina visiki kila mahali, ndiyo sababu hakutaka kushusha hata hicho kidole kimoja. Ikiwa tupu ingelia kwenye kona, alijua, lakini kulia si kitu. Ukisikia inalia unapunguza mwendo, inashika tena. Akanionyesha kwa kiganja jinsi boti inavyogeuka. Akaniuliza kama nimeelewa, nikasema nimeelewa. Na nilikuwa nimeelewa, mimi niliyeishi kwa unga na mafuta.

Akairudisha kamba mfukoni. Akaniambia kibao nirudi nacho, watu wa asubuhi wanataka kula. Halafu akanyanyua kikombe nilichomwekea kabla hajaanza kueleza, akakipeleka mdomoni, akakiondoa haraka na kukipuliza. Chai ilikuwa bado ya moto.